Goti la Mbwa ni Lipi? Uhakiki wa Istilahi za Majeraha ya Goti katika Tafsiri za Tiba ya Mifugo

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, kazi kubwa imefanywa katika kuunda na kusanifu istilahi za utawala, sheria, elimu na afya ya binadamu. Mwili wa mnyama haujapata bahati hiyo. Mara nyingi mfasiri wa maandishi ya tiba ya mifugo huazima majina ya mwili wa binadamu na kuyabandika juu ya mwili wa mnyama, kana kwamba mnyama ni binadamu aliyeinama. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha hatari ya zoea hilo kwa mfano mmoja tu, nao ni goti la mbwa anayekua.

Mfano huu hatukuutafuta. Tuliombwa kupitia rasimu ya kijitabu cha mafunzo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, kilichokusudiwa kusomwa na maofisa mifugo wa kata na wafugaji wa Wilaya ya Kyela, tangu mto Songwe ulio mpakani mwa Malawi, kupita Ipinda, hadi Matema chini ya milima ya Livingstone. Sura moja ya kijitabu hicho inahusu utambuzi na tiba ya majeraha ya ligamenti za goti kwa mbwa wachanga. Hatumtaji mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa kuwa makosa tutakayoyataja ni yetu sote tunaoshika kalamu. Tena tunakiri kwamba rasimu ile ina sifa zake: sentensi zake ni fupi, na mfasiri hakujificha nyuma ya maneno makubwa ili aonekane msomi.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna mambo makubwa zaidi ya goti la mbwa? Tunajibu kwamba katika uwanda ule wa mpunga, migomba na kakao, mbwa ni mlinzi wa nyumba na wa shamba, na mlinzi mwenye miguu mitatu halindi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye haki ya kutunzwa asiteseke bila sababu, na sheria haiwezi kutekelezwa na mtu asiyejua pahali panapouma. Lakini kwa wasomaji wa jarida hili iko sababu nyingine. Mambo mengi ya istilahi hubishaniwa mezani na kuishia mezani. Hapa istilahi inausogeza mkono wa mtu: akisoma vibaya, atashika mguu usiohusika, au atavuta kisichotakiwa kuvutwa. Kwa hiyo kipimo chetu katika uhakiki huu ni kimoja tu: je, neno hili litaupeleka mkono wa msomaji mahali panapotakiwa?

2. Goti

Rasimu inaanza kwa kumtaka msomaji ‘apapase goti la mbwa’. Tuliwaomba wasomaji wachache wa Kyela, watu wazima waliokulia katika ufugaji, watuonyeshe goti la mbwa aliyekuwa amelala uani. Baadhi yao walishika mguu wa mbele, pale unapokunjika. Mmoja alishika mguu wa nyuma, lakini chini kabisa, penye pembe inayoelekea nyuma, akasema kwamba goti la mbwa limegeuzwa.

Watu hawa hawakukosea Kiswahili. Ng’ombe anapotaka kulala hutanguliza miguu ya mbele, nasi sote husema kwamba amepiga magoti. Waingereza nao, wanapomzungumzia farasi, huliita goti lile pindo la mguu wa mbele, na kwa sababu hiyo wakalazimika kutafuta neno jingine kwa ajili ya pindo la mguu wa nyuma. Mkanganyiko huu, basi, si aibu ya lugha yetu peke yake. Aibu ni kuujua na kuuacha ndani ya kitabu cha tiba.

Kwa mujibu wa maumbile, goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na muundi. Kwa mbwa mahali hapo pako juu, karibu na tumbo, katika mguu wa nyuma. Pindo la mguu wa mbele linalingana na kifundo cha mkono wetu. Na ile pembe ya nyuma ambayo huonekana kama goti lililogeuzwa inalingana na kifundo cha mguu wetu, na ncha yake ndiyo kisigino. Kwa kweli mbwa hutembea juu ya vidole, ameinua visigino.

Je, tuseme ‘goti la nyuma’? Wako watakaolipenda pendekezo hilo, nasi tulilipenda kwa siku mbili. Kisha tukasonga mbele hadi jina la ligamenti inayojeruhiwa zaidi, ambayo hutofautishwa na mwenzake kwa kuitwa ‘ya mbele’, tukajikuta tumeandika ‘ligamenti ya mbele ya goti la nyuma’. Tukaona kwamba tumempa ofisa wa kata kitendawili badala ya maelekezo.

Ufumbuzi tumeukuta ndani ya hazina yetu wenyewe. Kiswahili kina neno la ule mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti, ambao wengine huuita pia ya goti, nalo ni kilegesambwa. Msomaji atatambua kwamba kwa umbo lake neno hili limembeba mbwa tangu zamani. Kilegesambwa kipo katika goti tu. Katika kifundo cha mguu wa mbele hakipo, wala katika kifundo cha nyuma. Kwa hiyo kanuni tunayoipendekeza kwa vitabu vyote vya mifugo ni hii: goti ni pale penye kilegesambwa, na pengine pote ni kifundo. Hatumkatazi mtu kusema kwamba ng’ombe amepiga magoti. Lugha ya mazungumzo ina haki zake. Tunachosema ni kwamba kitabu cha tiba kiitoe kanuni hii katika ukurasa wake wa kwanza, chenye picha, kisha kisiivunje.

3. Mshipa, msuli na kano

Katika kurasa nne za rasimu, kitu kimoja kimepewa majina matatu: mara ‘mshipa wa goti’, mara ‘msuli wa ndani’, mara ‘kano’. Mfasiri wa hadithi husifiwa kwa kubadilisha maneno ili asimchoshe msomaji. Mfasiri wa tiba hana ruhusa hiyo. Msomaji akikuta majina matatu atatafuta vitu vitatu.

Neno mshipa ndilo baya kuliko yote mahali hapa. Katika Kiswahili cha kila siku mshipa hupitisha damu. Pengine hupitisha hisia. Na wengine huuita mshipa hata ugonjwa wa ngiri. Mtu akiambiwa kwamba mshipa wa mbwa umekatika ndani ya goti, atatarajia damu, na akishajaribu kuizuia kwa kuufunga mguu kwa nguvu, atakuwa ameongeza jeraha la pili juu ya la kwanza. Msuli nao ni nyama inayojikunja na kukunjuka. Kitu tunachokizungumzia hapa hakijikunji. Ni utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa.

Limebaki neno kano. Hili ni neno zuri la Kiswahili, linalojulikana hata buchani, na wengi wangependa libebe mzigo huu. Ubishi wetu si kwamba ni geni, bali kwamba lina kazi tayari. Kano huunganisha msuli na mfupa. Mbwa anaweza kukatwa kano ya kisigino kwa panga au kwa waya wa mtego, na hapo kifundo cha nyuma hushuka hadi karibu na ardhi. Mbwa huyo huyo anaweza kukatika utepe wa ndani ya goti bila ngozi kuchubuka hata kidogo. Majeraha haya mawili yako katika mguu mmoja, lakini hayafanani kwa dalili, kwa tiba, wala kwa haraka inayohitajika. Ofisa akipokea taarifa kwamba ‘kano ya mguu wa nyuma imekatika’, hatajua achukue sindano ya kushonea au akamfungie mbwa apumzike.

Kwa maoni yetu, kano ibaki kwa kinachounganisha msuli na mfupa, na kinachounganisha mfupa na mfupa kiitwe ligamenti. Tunajua kwamba utaratibu unaokubalika katika uundaji wa istilahi ni kuchota kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Hatuupuuzi utaratibu huo. Lakini utaratibu uliwekwa ili kulinda uwazi wa lugha, na pale neno la nyumbani linapolazimishwa kubeba maana mbili zinazogombana, mgeni mwenye maana moja hufaa kuliko mwenyeji mwenye maana mbili. Isitoshe, ligamenti imekwisha kuingia na inapokea viambishi vyetu bila taabu: ligamenti imekatika, ligamenti zimelegea.

Ndani ya goti ziko ligamenti mbili zinazopishana. Rasimu imeziita ‘za msalaba’. Tulisikia pingamizi kwamba neno hilo ni la kanisani. Hatukubaliani nalo. Umbo la msalaba linajulikana kwa kila mtu, na jina la kilatini la ligamenti hizi limetokana na umbo hilo hilo. Basi tunasema ligamenti msalaba ya mbele na ligamenti msalaba ya nyuma. Ile ya mbele ndiyo inayozuia muundi usiteleze kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, na usijipinde kuelekea ndani. Ikikatika, kila mbwa anapokanyaga muundi huteleza, na mito miwili ya gegedu iliyomo kati ya mifupa, yaani menisko, huweza kusagwa.

4. Kuteguka, kukatika na kung’oka

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Rasimu inatumia kitenzi kimoja, kuteguka, kwa kila jambo linalolipata goti: kilegesambwa kikihama, goti limeteguka; ligamenti ikivutika, limeteguka; ikikatika kabisa, limeteguka.

Neno halisafiri peke yake. Huja pamoja na matendo yake. Katika vijiji vyetu mtu aliyeteguka hupelekwa kwa anayejua kunyoosha: atavutwa, atakandwa kwa maji ya moto, atafungwa. Kwa kiungo kilichohama mahali pake, katika mikono ya anayejua, hilo lina maana. Kwa goti lililokatika ligamenti hakuna kitu cha kurudisha mahali pake, na kulivuta ni kuongeza uharibifu wa ndani. Mfasiri aliyeandika ‘kuteguka’ ameandika na tiba bila kujua. Tunapendekeza kuhama kwa kilegesambwa na kwa kiungo chochote kinachotoka mahali pake, kuvutika kwa ligamenti iliyoumia bila kuachana, na kukatika kwa iliyoachana.

Kwa mbwa anayekua kinahitajika kitenzi cha nne, ambacho rasimu haina kabisa. Tukieleze kwa mfano wa ufukweni. Mvuvi wa Matema amefunga mtumbwi wake kwa kamba kwenye kigingi. Kukija mawimbi, mambo mawili yanaweza kutokea. Kama kamba ni kuukuu na imeoza kidogo kidogo, itakatika, na kigingi kitabaki kimesimama. Lakini kama kamba ni mpya na kigingi kimesimikwa katika mchanga laini, kamba haitakatika. Kigingi kitang’oka, kamba ikiwa bado imekishikilia.

Kwa mbwa aliyekomaa, kisa cha kawaida ni cha kamba kuukuu. Ligamenti huchakaa kwa miezi, na siku moja hukatika kwa hatua ndogo tu, hata mwenye mbwa akashangaa kwa kuwa hakuona ajali yoyote. Kwa mbwa anayekua, ambaye mifupa yake bado ni laini kuliko ligamenti zake, pigo la pikipiki au kuruka shimo huweza kukiondoa kipande cha mfupa pale ligamenti iliposhikiliwa, hasa upande wa muundi. Ligamenti yenyewe ni nzima. Tunapendekeza jambo hili liitwe kung’oka kwa ligamenti. Mtu yeyote aliyewahi kuona mgomba umelazwa na upepo, mizizi juu, anajua tofauti ya kung’oka na kukatika.

Tofauti hii si ya wanaisimu. Kipande kilichong’oka, kikiwa kikubwa cha kutosha na kikiwahiwa mapema, daktari anaweza kukirudisha na kukikaza kwa pini, waya au skrubu, kishike tena kama mfupa uliovunjika unavyoshika. Ligamenti iliyokatika katikati haiungi hivyo. Taarifa ya kijijini iliyoandika ‘imeteguka’ humnyima daktari habari ambayo ingemfanya aharakishe.

5. Mbwa mdogo

Tulifika kwenye sentensi ya rasimu isemayo kwamba ‘mbwa wadogo’ huweza kupona kwa kupumzishwa tu. Tulipoisoma mara ya kwanza tuliielewa kuwa inazungumzia watoto wa mbwa, kwa kuwa sura nzima inawahusu hao. Tulipolinganisha na matini ya asili tukaona kwamba maana yake ni mbwa wenye umbo dogo, wawe wachanga au wazee.

Neno -dogo katika lugha yetu hupima umri na hupima umbo. Nyumbani haliletei mtu taabu. Hapa lilikuwa linatoa ushauri uliopinduka. Katika uchunguzi wa P. B. Vasseur uliochapishwa Marekani mwaka 1984, uliohusu mbwa 85 waliokatika ligamenti msalaba ya mbele na kutibiwa bila kupasuliwa, mbwa wa kilo 15 au pungufu walipona au kupata nafuu kwa kiasi cha asilimia 86, ambapo kati ya waliozidi uzito huo ni asilimia 19 tu. Kinachopimwa hapa ni kilo. Mwanambwa wa aina kubwa, mwenye miezi minane na kilo 25, ni mdogo kwa umri na mkubwa kwa umbo. Msomaji wa rasimu angemwacha apumzike, akiamini kwamba kitabu kimemruhusu.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno mawili yasiyokutana. Kwa umbo: mbwa mwepesi na mbwa mzito, kilo zikitajwa. Kwa umri: mbwa anayekua, yaani yule ambaye mifupa yake haijakomaa, na mbwa aliyekomaa. Istilahi ‘mbwa anayekua’ ina faida nyingine: inamkumbusha daktari kwamba karibu na ncha za mifupa ya mbwa huyo yako matabaka ambayo mfupa hukulia. Rasimu imeyaita ‘sahani za ukuaji’. Sahani ni ya wali; tabaka la ukuaji linatosha. Matabaka hayo kwa kawaida hufunga mbwa anapokaribia mwaka mmoja, na kwa mbwa wazito huchelewa zaidi. Upasuaji unaoyagusa unaweza kuupotosha mguu unaoendelea kukua.

6. Jaribio la mtoto wa meza

Dalili zimetafsiriwa vizuri. Mbwa huchechemea ghafla, au hugusa ardhi kwa ncha za vidole tu, goti huvimba, akiketi huutupa mguu pembeni badala ya kuukunja chini yake. Tungeongeza onyo moja tu, kwamba mbwa asiyejulikana chanjo yake, ambaye mguu umelegea bila sababu, ashughulikiwe kwanza kwa hadhari ya kichaa cha mbwa, na mdomo wake ufungwe kabla ya kupapaswa.

Taabu inaanza kwenye jaribio lenyewe. Daktari hushika mfupa wa paja kwa mkono mmoja, kidole kikiwa karibu na kilegesambwa, na kwa mkono wa pili hushika muundi na kuusukuma mbele bila kulikunja goti. Muundi ukiteleza mbele, ligamenti msalaba ya mbele haishiki. Wazungumzaji wa Kiingereza wamelifananisha jambo hili na kuvuta droo, na mfasiri, kwa uaminifu, akaandika ‘jaribio la mtoto wa meza’. Halafu ikaja habari kwamba watoto wa mbwa wana mtelezo mdogo wa kawaida, na rasimu ikatupatia ‘mtoto wa meza wa mtoto wa mbwa’. Tulicheka, lakini msomaji wa kata hatacheka, ataifunga sura.

Sitiari ya lugha moja si lazima iwe sitiari ya lugha nyingine. Tunapendekeza jaribio la kusukuma muundi, jina linaloeleza kinachofanywa. La pili, ambalo kifundo cha nyuma hukunjwa wakati mkono mwingine umeshika goti ili kuona kama muundi utajisukuma wenyewe, tuliite jaribio la kukunja kifundo. Ile hali ya watoto wa mbwa iitwe mtelezo wa utotoni, na ielezwe bayana: muundi husogea kidogo kisha hukoma ghafla, kama kitu kilichofika ukingoni. Muundi usiokoma ghafla ndio wa kutiliwa shaka. Mguu wa pili upimwe daima kwa kulinganisha. Tena mbwa mwenye maumivu hukaza misuli, na jaribio likaonekana zuri wakati goti ni bovu; ndiyo maana daktari huweza kumpa dawa ya kumtuliza kwanza. Picha ya eksirei husaidia kuonyesha kipande cha mfupa kilichong’oka, lakini haipatikani katika kila kata, na hilo ni sababu zaidi ya kutaka maneno ya jaribio la mikono yawe wazi.

7. Tiba ya kihafidhina

Katika sehemu ya tiba rasimu imetupatia ‘tiba ya kihafidhina’. Neno uhafidhina tunalijua. Ni la siasa. Hakuna mfugaji wa Ipinda atakayejua kwamba anaambiwa asimpasue mbwa. Tuseme tiba bila kupasua, na mkabala wake tiba ya kupasua.

Kubwa zaidi ni agizo kwamba mbwa ‘apewe mapumziko’. Kwa mwenye mbwa, kupumzika ni kutopelekwa kuwinda au kutokwenda shamba. Lakini usiku mlinzi huyo atafunguliwa kama kawaida, na akisikia kishindo atakimbia. Tafsiri iseme kinachotakiwa kufanywa: mbwa afungiwe katika banda dogo kwa wiki 6 hadi 8, atolewe kwa kamba tu, kwa dakika chache, na asiruke wala kupanda ngazi. Huku akifungiwa asilishwe hadi anenepe, kwa sababu kila kilo huongeza mzigo juu ya goti.

Agizo jingine linalotutisha ni ‘apewe dawa za maumivu’. Katika duka lolote la dawa zipo diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli, na mtu mwenye huruma atampa mbwa alichojipa mwenyewe jana. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu, lakini nazo hutolewa kwa kipimo cha uzito. Sentensi sahihi ni hii: mbwa asipewe dawa ya binadamu, apewe ile tu ambayo daktari wa mifugo ameiandika kwa ajili yake. Sentensi ni ndefu kuliko ya rasimu. Iwe ndefu.

Kuhusu tiba ya kupasua tutasema machache, kwa kuwa msomaji wa kata hataifanya. Kuna njia ya kufunga goti kwa uzi imara unaopita nje ya kiungo, iliyoelezwa na DeAngelis na Lau mwaka 1970, na kuna ile ya Slocum ya mwaka 1993 ya kuukata muundi na kuusawazisha upande wa juu ili mbwa asiteleze anapokanyaga. Hii ya pili hukata mfupa pale pale lilipo tabaka la ukuaji, ndiyo sababu haifai kwa mbwa anayekua. Msomaji akiyajua haya mawili yatosha; atajua kwa nini daktari anamuuliza umri wa mbwa kabla ya jambo jingine lolote.

8. Lugha ya kitabu na lugha ya uani

Jambo moja hupuuzwa na sisi tulioko mbali. Ofisa wa kata atakisoma kijitabu kwa Kiswahili, lakini akifika uani, kwa mzee ambaye mbwa wake, imbwa kwa Kinyakyusa, ameumia, mara nyingi ataeleza kwa Kinyakyusa, au kwa Kikisi akiwa upande wa Ikombe. Maana yake ni kwamba kila istilahi yetu hutafsiriwa mara ya pili, papo hapo, bila kamusi wala kalamu. Istilahi iliyo wazi huivuka safari hiyo. Kung’oka, kukatika, kusukuma muundi na kufungia bandani vitavuka. ‘Tiba ya kihafidhina’ na ‘mtoto wa meza’ vitazama njiani. Mfasiri anayetaka kujua kama neno lake linafaa na amwombe msomaji alieleze tena kwa lugha ya nyumbani, kisha asikilize kilichobaki.

9. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaziweka istilahi zifuatazo mbele ya wasomaji:

Goti: kiungo cha mfupa wa paja na muundi, penye kilegesambwa.
Kifundo cha mbele, kifundo cha nyuma: mapindo ya miguu yasiyo na kilegesambwa.
Kano: kinachounganisha msuli na mfupa.
Ligamenti: kinachounganisha mfupa na mfupa.
Ligamenti msalaba ya mbele, ya nyuma: ligamenti mbili zinazopishana ndani ya goti.
Menisko: mto wa gegedu ulio kati ya mifupa ya goti.
Kuhama: kutoka mahali pake, kwa kiungo au kilegesambwa.
Kuvutika: kuumia kwa ligamenti bila kuachana.
Kukatika: kuachana kwa ligamenti yenyewe.
Kung’oka: kuondoka kwa ligamenti pamoja na kipande cha mfupa.
Mbwa anayekua: ambaye matabaka yake ya ukuaji hayajafunga.
Mbwa mwepesi, mbwa mzito: kwa kilo, bila kujali umri.
Jaribio la kusukuma muundi. Jaribio la kukunja kifundo.
Mtelezo wa utotoni: kusogea kidogo kwa muundi wa mtoto wa mbwa, kunakokoma ghafla.
Tiba bila kupasua. Tiba ya kupasua.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Walimu wa vyuo vya mifugo na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao wanashika miguu ya wanyama kila siku, wanaweza kutusahihisha, na tutashukuru. Hasa tungependa kusikia kutoka kwa maofisa wa kata wenyewe: je, mmoja wenu akisoma ‘goti ni pale penye kilegesambwa’, mkono wake unakwenda wapi? Ukienda mahali pake, istilahi imefaulu. Usipokwenda, tutaiondoa na kutafuta nyingine.